Omena ya Dani na Salmoni ya Norway

Desemba nilikuwa ocha kwa Dani, upande wa Mbita. Asubuhi moja akanipa pesa ya gorogoro mbili za omena, akanituma sokoni. Nikampata mama mmoja ameanika mafungu mawili. Moja liko juu ya nyavu, safi, linang'aa kama vijiko vipya. Lingine limemwagwa mchangani tu. Mimi mtoto wa Nairobi, akili ikakimbilia bei. Nikauliza ile ya mchangani ni ngapi.

Mama akacheka. "Hiyo si yako, mwanangu. Hiyo ni ya kuku na samaki."

"Ati samaki wanakula omena?"

"Wale wa kufugwa. Wanakula kukushinda."

Kabla sijapata jibu lori likaingia. Jamaa akashuka na mizani, akapima fungu la mchangani gunia baada ya gunia. Halikumtosha. Akageukia lile la kwenye nyavu, akataja bei, na yule mama akaniangalia kwa macho ya pole. Biashara ni biashara. Kilichobaki kikapanda bei nikiwa nimesimama hapo hapo. Nilirudi nyumbani na gorogoro moja. Dani hakuniuliza sana. Alipika, akatugawia watoto wote, halafu yeye akala ugali na mboga.

Ile sahani ya Dani ndiyo imenifanya niandike hii. Nilirudi Nairobi nikaanza kusoma ni nani hasa anagombania samaki wadogo hivyo na tangu lini. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nimemaliza wiki tatu, na nimepita Peru, Ujerumani, Greenland na Gambia kabla ya kurudi Mbita. Vumilieni.

Tuanze na kitu chenyewe. Ukichukua samaki wadogo ukawapika kwa mvuke na kuwakamua kwa mashine, unapata vitu viwili: unga na mafuta. Unga ni protini. Kilo 100 za samaki wadogo zinakupa unga kilo 20 na ushee, na mafuta kilo 5 hivi. Yaani kilo moja ya mafuta ya samaki ina kilo kama 20 za samaki nyuma yake. Unga una mbadala wengi: soya, mashudu ya alizeti, mabaki ya machinjioni. Mafuta ndiyo kichwa kigumu, kwa sababu ndani yake kuna omega-3 za aina mbili, EPA na DHA, ambazo ubongo, macho na moyo wa mtu unazihitaji. Soya haina. Alizeti haina. Mahindi hayana.

Na sasa sikiza hii, maanake ndiyo iliyonishtua kuliko yote. Samaki mwenyewe karibu hazitengenezi. Zinatengenezwa na mwani mdogo sana wa majini, ule usioonekana kwa macho. Vijidudu vya majini vinakula mwani, samaki wadogo wanakula vijidudu, samaki wakubwa wanakula samaki wadogo. Samaki ni kama wakala wa M-Pesa: pesa inapitia kwake, lakini si yeye aliyeichapisha. Shikilia hapo. Binadamu ilimchukua karibu miaka mia moja kuanza biashara na mwenye pesa moja kwa moja.

Kwanza, hakuna aliyeyathamini mafuta haya. Karne ya 19 yalikuwa ya taa, ya kulainisha ngozi, ya kuchanganya rangi. Yananuka na yanaharibika haraka. Halafu mwaka 1902 mkemia Mjerumani, Wilhelm Normann, akapata hataza ya njia ya kupitisha hidrojeni kwenye mafuta ya maji maji hadi yagande. Ghafla mafuta ya nyangumi, na baadaye ya samaki, yakawa majarini ya kupaka mkate. Sisi hapa tungesema Blue Band, hata kama ni ya kampuni nyingine. Kwa miongo mingi Wazungu wa kawaida, wafanyakazi wa viwanda na watoto wa shule, walikula nyangumi na samaki juu ya mkate bila kujua. Utamu wa kejeli ni kwamba ile hidrojeni inaua omega-3. Yaani walikuwa wanapoteza kile kile ambacho leo dunia inakitafuta kwa tochi.

Sasa Peru. Nataka tukae hapa kidogo kwa sababu hadithi yote iko hapa.

Pwani ya Peru kuna mkondo wa maji baridi unaopanda kutoka chini ukibeba rutuba. Mwani unafurika, na kwenye mwani kuna samaki mdogo anaitwa anchoveta, binamu wa dagaa wa baharini. Kwa karne nyingi anchoveta alikuwa chakula cha ndege wa baharini, na ndege walikuwa wakinya visiwani mpaka kinyesi kikawa vilima. Kuanzia miaka ya 1840 Peru iliuza kinyesi hicho, guano, kama mbolea kwa Ulaya. Kiliwatajirisha watu huko Lima, na kiliwaua vibarua wengi, wakiwemo Wachina walioletwa kwa mikataba ya utumwa mtupu. Kinyesi kikapungua. Miaka ya 1950 watu wakajiuliza: mbona tungoje ndege? Si tumvue anchoveta mwenyewe?

Mji wa Chimbote ukageuka kutoka kijiji cha wavuvi hadi mji wa moshi na harufu. Viwanda vya kusaga samaki vilijengwa usiku na mchana. Kijana mmoja, Luis Banchero Rossi, akawa tajiri mkubwa wa unga wa samaki kabla ya kufika miaka 45. Miaka ya 1960 Peru ikawa nchi inayovua samaki wengi kuliko nyingine yoyote duniani kwa uzito, na karibu wote ni samaki mmoja huyo. Mwaka 1970 walivua zaidi ya tani milioni 12. Na mnajua nani alikula? Kuku na nguruwe wa Ulaya na Marekani. Kuku wa bei nafuu tunaowaona leo kama jambo la kawaida walianza kwa sehemu fulani na anchoveta. Maskini wa Peru, walioishi kando ya bahari hiyo hiyo, walikuwa na upungufu wa protini.

Banchero aliuawa nyumbani kwake tarehe 1 Januari 1972. Mwaka huo huo maji ya pwani yakapata joto. El Niño. Ndiyo, huyu huyu El Niño wetu wa mafuriko, akikohoa huko Pasifiki sisi tunaoga huku. Maji yakipata joto rutuba haipandi, mwani unapungua, anchoveta hana chakula. Samaki waliobaki walikusanyika karibu na ufuo ambako maji yalikuwa bado baridi, na meli zikawazoa wote kwa urahisi. Mwaka 1973 mavuno yalikuwa chini ya tani milioni 2. Serikali ya kijeshi ikataifisha viwanda vyote. Mabaharia na wafanyakazi wa viwanda wakabaki mikono mitupu.

Na dunia ikahisi. Wafugaji waliokuwa wananunua unga wa samaki wakakimbilia soya, bei ya soya ikaruka juu, na mwezi Juni 1973 Marekani ikafunga kuuza soya nje kwa muda ili wafugaji wake wasilale njaa. Japani, ambayo haiwezi kuishi bila soya, ilishtuka vibaya. Ikaanza kutafuta muuzaji mwingine na ikaweka pesa Brazil, kwenye nyika kubwa inayoitwa Cerrado. Soya ya Brazil unayoisikia leo kwenye chakula cha kuku hapa Kenya ina mizizi yake pia kwa samaki mmoja aliyepotea Peru. Hapo dunia ilitafuta mbadala wa samaki kwenye chakula cha mifugo, na haikufanya hivyo kwa kupenda mazingira. Ilifanya kwa sababu duka lilifungwa.

Lakini waligusa unga tu. Mafuta bado yalikuwa mengi na rahisi, yanaenda kwa majarini. Vitu viwili vikabadilisha hiyo, na vyote vilianza karibu wakati mmoja.

Cha kwanza: mwaka 1970 ndugu wawili wa ukoo wa Grøntvedt, kisiwa cha Hitra huko Norway, waliweka vifaranga wa salmoni kwenye vizimba vinavyoelea baharini, na wakafaulu. Salmoni ni mla samaki. Ukimfuga ni kama kufuga simba: lazima umtafutie nyama. Kwa bahati mafuta ya samaki yalikuwa bei ya kutupa, na salmoni hunenepa haraka kwa mafuta.

Cha pili: kipindi hicho hicho madaktari wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walikuwa Greenland wakipima damu ya Wainuiti. Watu hawa walikula sili, nyangumi na samaki, mafuta kila siku, lakini ilisemekana shtuko la moyo kwao ni nadra. Jibu lao likawa omega-3. Baadaye watafiti wengine walitilia shaka kama kweli Wainuiti walikuwa na ugonjwa mdogo hivyo wa moyo, au ni rekodi za hospitali zilikuwa chache. Lakini maze, habari ilikuwa imeshatoka. Vidonge vya mafuta ya samaki vikaingia kwa maduka ya dawa, na salmoni akawa samaki wa afya.

Kwa hivyo majarini ikahamia mafuta ya mawese na soya, na mafuta ya samaki yakahamia kwa salmoni. Mwaka 1990 asilimia 90 hivi ya chakula cha salmoni Norway ilikuwa unga na mafuta kutoka baharini. Mwaka 2000 Rosamond Naylor na wenzake wakaandika kwenye jarida la Nature wakiuliza swali ambalo mtu yeyote wa Mbita angeuliza bure: ikiwa unawalisha samaki wako samaki wengi kuliko unaovuna, umeongeza samaki duniani au umepunguza? Kwa wafugaji wa salmoni lile swali liliuma. Kwa tilapia, hesabu ilikuwa tofauti kabisa. Kumbukeni hiyo pia.

Bei ya mafuta ikapanda, wafugaji wakaanza kuchanganya. Mbadala wa kwanza ulikuwa mafuta ya kanola. Salmoni alikula, akakua, hakulalamika. Kufikia mwaka 2013 sehemu ya bahari kwenye chakula chake ilikuwa imeshuka hadi asilimia 30 hivi. Ukisoma hivyo tu unapiga makofi. Mbwa mwitu amekuwa mbuzi.

Shida ni kwamba samaki ni kile anachokula. Watafiti wa chuo kikuu cha Stirling, Scotland, walipima salmoni wa kufugwa kutoka mwaka 2006 hadi 2015 na wakakuta EPA na DHA zimeshuka karibu nusu. Yaani mtu wa London aliyekuwa anakula kipande kimoja apate omega-3 yake, sasa anahitaji viwili. Mfugaji ameokoa samaki wa baharini kwa kuuza salmoni aliyepunguzwa kile kilichomfanya auzike. Na ufungashaji haukubadilika. Bado picha ya milima na maji safi. Mimi hii nailaumu kidogo. Si uongo, lakini ni ule ukimya wa muuza maziwa anayeongeza maji.

Hapo ndipo watu wakaanza kuuliza swali ambalo lilikuwa limelala miaka yote: si twende kwa mwani mwenyewe?

Jibu lilikuwa limeshaanza, lakini mahali pa ajabu. Miaka ya 1980 wanasayansi wa kampuni moja ya Marekani walikuwa wanachunguza mwani kwa ajili ya safari za anga za NASA, wakitafuta kitu cha kuwapa wanaanga chakula na hewa safi. Mwaka 1985 baadhi yao wakatoka na kuanzisha kampuni inaitwa Martek. Mwanaanga hakupata kitu, lakini Martek iligundua jinsi ya kukuza mwani wenye DHA nyingi ndani ya matangi ya chuma. Mwaka 2001 Marekani ikaruhusu mafuta hayo yatiwe kwenye maziwa ya watoto wachanga. Ukiona DHA kwenye mkebe wa maziwa ya mtoto supamaketi, uwezekano mkubwa hiyo haikuwahi kumwona samaki.

Ilichukua karibu miaka 20 kutoka mtoto hadi salmoni, kwa sababu ya bei. Mwani wa aina hii hauhitaji jua. Unakaa gizani kwenye tangi unakula sukari, mtindo ule ule wa kuchachua pombe. Mwaka 2019 kiwanda kikubwa cha Veramaris kilifunguliwa Blair, Nebraska, katikati ya Marekani, mbali kabisa na bahari yoyote, kikitumia sukari ya mahindi. Mafuta ya samaki yanayotoka mashamba ya mahindi. Chimbote ingecheka.

Njia nyingine ni mimea iliyobadilishwa jeni. Kituo cha Rothamsted huko Uingereza kilichukua jeni za mwani kikaziweka kwenye mmea unaoitwa kamelina, na majaribio ya shambani yakaanza 2014. Australia iliruhusu kanola ya namna hiyo kulimwa mwaka 2018. Najua tukitaja GMO Kenya watu wanashika mawe. Tulikuwa na marufuku tangu 2012, serikali ikaiondoa Oktoba 2022, na kesi zikafuata kortini. Mimi msimamo wangu ni huu: nibishie kuhusu nani anamiliki mbegu, hapo tutaongea mpaka asubuhi. Lakini usiniambie mafuta yenyewe ni sumu kwa sababu yametoka kwa maua ya manjano badala ya samaki. Ni molekuli ile ile.

Na kuna chanzo ambacho hakina mbwembwe: vichwa, ngozi, matumbo na mifupa. FAO inakadiria karibu nusu ya mafuta ya samaki duniani siku hizi yanatokana na mabaki ya viwanda vya minofu. Watu wa Kisumu hii mnaielewa kwa uchungu wenu. Mbuta alipoanza kupelekwa Ulaya, minofu ilipanda ndege na sisi tukabaki na mifupa. Tukaikaanga, tukaiita mgongo wazi, tukaila. Kwa wenzetu huko mabaki ni malighafi. Kwa mama zetu yalikuwa chakula cha jioni.

Kwa hivyo mbadala upo. Mbona basi lori bado linaingia sokoni Mbita?

Kwa sababu mbadala ni ghali kuliko samaki wa maskini. Hiyo tu. Angalia Gambia. Miaka ya 2010 viwanda vya unga na mafuta ya samaki vya wawekezaji kutoka nje vilifunguliwa pwani, kimoja kikiwa kijiji cha Gunjur. Samaki waliokuwa wakinunuliwa ni bonga na sardinela, ambao wakina mama walikuwa wakiwakausha kwa moshi na kuwauza hadi ndani kabisa ya nchi. Mwaka 2017 ziwa dogo la hifadhi karibu na kiwanda cha Gunjur liligeuka jekundu na samaki wakafa, vijana wakaandamana. Unga na mafuta vikapanda meli. Mauritania na Senegal hadithi ni hiyo hiyo, kwa viwango vyao. Ukila salmoni au kamba wa kufugwa nchi ya mbali, bonga wa Gunjur anaweza kuwa humo ndani, na hakuna mahali imeandikwa.

Halafu 2023 historia ikajirudia kabisa. Peru ilifuta msimu wa kwanza wa anchoveta kwenye eneo lake kuu kwa sababu maji yalikuwa na joto na samaki wengi walikuwa wachanga mno. El Niño tena, miaka 50 baadaye. Bei ya mafuta ya samaki ikafika mahali haijawahi kufika. Safari hii matangi ya mwani yalikuwepo, na yakapata wateja ambao mwaka uliotangulia walikuwa wanasema ni ghali. Hakuna kilichobadilika kwa sayansi yake kati ya miaka hiyo miwili. Ni ule upande mwingine wa mizani uliopanda. Sisi huku tulikuwa tunahesabu nyumba zilizosombwa na mafuriko ya mwaka huo huo.

Turudi nyumbani. Hii ndiyo sehemu inayonikera.

Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi, na ndani yake kulikuwa na samaki: vidimbwi 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140, kila kidimbwi mita 300 mraba. Hesabu yake ni vidimbwi 28,000. Anko wangu alichimba kimoja. Nakumbuka siku vifaranga walipoletwa kwa mifuko ya plastiki, kijiji kizima kilikuja. Nakumbuka pia miaka miwili baadaye, kidimbwi kimejaa matete na vyura. Ukimuuliza anko nini kilitokea, hatakuambia ugonjwa wala wezi. Atakuambia chakula. Chakula cha kununua kilikuwa bei haiwezekani, na kile cha kujichanganyia kilihitaji omena au ochong'a pamoja na pumba. Omena yenyewe ufukweni inafungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili izaane. Miezi minne hiyo bei inapaa, na samaki kidimbwini hawajui kalenda.

Lakini tilapia si salmoni! Ngege ni mla mwani na vijani tangu kuumbwa. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha kwamba anakua vizuri kwa mafuta ya mimea, hahitaji mafuta ya samaki kwenye chakula chake, na akishapita utoto hata unga wa samaki anaweza kuishi bila huo kama protini nyingine imepangwa vizuri. Kambare naye si mbali na hapo. Tukitoa wafugaji wachache wa trauti kwenye baridi ya Mlima Kenya, hakuna mfugaji wa Kenya mwenye sababu ya kibayolojia ya kugombania mafuta ya samaki. Sisi tuliiga mapishi ya watu wanaofuga simba, na tunafuga mbuzi.

Najua jibu mtakalonipa: ngege aliyelishwa soya na pumba atakuwa na omega-3 kidogo. Kweli kabisa, ni ile hesabu ya Scotland. Lakini nani alisema lazima omega-3 ipitie kwa ngege? Iko kwenye omena, tayari, pamoja na kalsiamu ya mifupa yake, kwa sababu omena unamla mzima mzima na kichwa. Kumnyang'anya Dani omena ili umpe ngege, halafu umuuzie Dani ngege kwa bei mara kadhaa, ni kumtoza nauli kwa safari ambayo alikuwa ameshafika.

Kuna kitu kimoja Kenya tumetangulia, tujipe sifa. Funza wa nzi weusi, wale wakulima huwaita BSF. Kituo cha icipe kule Kasarani kimewachunguza kwa miaka, na 2017 shirika la viwango, KEBS, lilitoa viwango vya wadudu waliokaushwa kama chakula cha mifugo. Nairobi tayari kuna watu wanawafuga kwa taka za jikoni na hata taka za vyoo. Lakini msidanganywe na wauzaji wa semina za Jumamosi: funza anachukua nafasi ya unga wa samaki, hachukui nafasi ya mafuta. Mafuta yake yanafanana zaidi na ya nazi, na omega-3 karibu hana. Kwa salmoni hiyo ni shida kubwa. Kwa ngege wa anko wangu si shida hata kidogo.

Nilimwambia hivyo anko kwa simu. Alikuwa amefyeka yale matete mwaka jana na kurudisha samaki, safari hii ngege 500 tu. Nikamuuliza kwenye mfuko wa chakula anachonunua wameandika nini. Akaenda akausoma: mahindi, soya, unga wa samaki. Samaki gani? Haijaandikwa. Kiasi gani? Haijaandikwa. Nilitaka sana iandikwe. Kama juisi ya sandukuni inaniambia ina sukari kiasi gani, chakula cha samaki nitakayemla kiniambie kimebeba omena kiasi gani. Sidhani naomba mwezi.

Pasaka nilirudi. Anko ameweka karai tatu za funza nyuma ya jiko, zimefunikwa kwa neti, na harufu yake sitaki kuwaelezea. Anawachanganya na mashudu ya alizeti na pumba ya mchele, anapima samaki kila wiki mbili na kuandika kwenye daftari la zamani la binamu yangu. Bado ni mapema kusema. Wiki moja walikua, wiki nyingine wakasimama, akagundua alikuwa anawalisha kidogo mno.

Dani alikuja kuangalia akiwa ameshika pua na leso.

"Hawa nao wanakula omena?"

"Hapana, Mama," anko akasema. "Wanakula maganda tu."

Dani akainama, akaangalia ndani ya karai muda mrefu. Halafu akageuka akaenda jikoni, na akarudi na sufuria ya maganda ya ndizi na viazi vya mchana, akayamwaga yote humo.